Watoto watatu, laki na themanini mkononi, na kausha damu mlangoni

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Uyole hapa Mbeya. Nina meza ya viazi mviringo na mboga sokoni. Baba watoto anaendesha bajaji ya mtu. Jioni anapeleka hesabu kwa mwenye chombo, kinachobaki ndicho kinacholetwa nyumbani. Tuna eka moja na nusu upande wa Inyala, tunalima mahindi na viazi kidogo. Si watu wa kulala njaa, Shangazi, lakini Januari ikifika huwa sijui hela ilipotelea wapi.

Safari hii ndiyo imezidi. Binti yangu mkubwa amemaliza la saba na amechaguliwa kidato cha kwanza, shule ya kata, ya kutwa. Siku majina yalipotoka nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Halafu tukaletewa fomu ya kujiunga, nikaisoma nikiwa nimesimama, nikamaliza nimekaa. Sketi mbili, moja 18,000. Mashati mawili, moja 12,000. Sweta 22,000. Viatu vya ngozi vyeusi 35,000. Soksi pea mbili 5,000. Traksuti 30,000 na raba 20,000. Kaunta buku kumi kwa 3,500 kila moja. Mkebe wa hesabu 5,000, rimu ya karatasi 13,000, na begi ambalo yeye mwenyewe amelichagua dukani, 25,000. Hizo bei nimezipata kwenye duka tulilopewa maelekezo tukanunulie. Jumla 250,000, kwa mtoto mmoja.

Wa pili ni wa kiume, anaingia la tano. Kaptula mbili 20,000, mashati mawili 20,000, sweta 15,000, viatu 20,000, madaftari na kalamu 10,000. Wa mwisho, wa kike, ndiyo anaanza la kwanza: sketi mbili 18,000, mashati mawili 16,000, sweta 12,000, viatu 15,000, begi 10,000, madaftari 4,000. Nimejumlisha mara nyingi, jibu ni lile lile, 410,000. Mkononi nina 180,000, na hiyo ni baada ya kuacha hela ya mbolea ya kukuzia ambayo baba watoto ameificha na hataki hata kuisikia ikitajwa.

Nikamwambia baba watoto tushuke soko la Sido tuangalie mitumba. Akaniambia watoto wake hawataenda shule na nguo za marehemu. Binti naye amesikia kwamba rafiki yake ananunuliwa kila kitu kipya, analia kila jioni. Jirani ananiuzia vitabu vya kidato cha kwanza alivyotumia mwanaye, anataka 40,000 vyote, nashindwa kujua kama ni bahati au mzigo.

Sasa wifi yangu kanipeleka kwa watu wa mikopo, ile tunayoiita kausha damu. Wanatoa 200,000, wanakata 10,000 ya fomu, unarejesha 9,000 kila siku kwa siku thelathini. Wenyewe wanapita mezani kukusanya. Nimepewa fomu ninayo ndani ya kanga, baba watoto hajui. Wifi anasema wanawake wote wa sokoni wanachukua na hakuna aliyekufa.

Nisaidie Shangazi kabla sijasaini. Nipunguze nini, na nianzie wapi? Na huyu mzee wa bajaji nimwambieje?

Mama wa Watatu, Uyole

JIBU

Marahaba mwanangu, ugonile. Hongera ya binti kwanza. Vigelegele ulivyopiga vilikuwa halali kabisa, usivijutie kwa sababu ya karatasi.

Nianze na hiyo fomu iliyo ndani ya kanga, kwa sababu ndiyo ina haraka. Elfu tisa kwa siku thelathini ni 270,000. Mkononi unapata 190,000. Kwa hiyo mwezi mmoja unawapa watu 80,000 ya bure, na kwa bei zako mwenyewe hiyo ni viatu vya watoto wote watatu na hela inabaki. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba hata ukisaini, 180,000 yako na 190,000 yao ni 370,000. Orodha yako ni 410,000. Umejikausha damu na bado hujafika! Na marejesho yanaanza kesho yake, wakati Januari wateja wa viazi nao wanahesabu sarafu kwa ajili ya watoto wao. Siku mvua ikikugandisha nyumbani hiyo 9,000 inatoka kwenye mtaji wa meza, na meza ikifa mnabaki na bajaji ya mtu. Wifi yako anasema hakuna aliyekufa. Sawa. Muulize wangapi wamehama soko.

Hela ya mbolea baba watoto ameificha vizuri, na hapo mpe heshima yake. Mahindi yasipopata mbolea ya kukuzia sasa, mwezi wa saba mtavuna magunzi, na Januari ijayo utaniandikia barua nyingine yenye hesabu mbaya kuliko hii.

Sasa tuingie kwenye orodha. Fomu ya kujiunga inaandikwa kama vile kila kitu kinatakiwa siku ya kwanza saa moja asubuhi. Si kweli, na walimu wenyewe wanalijua hilo. Karibu kila Januari viongozi wa serikali wamekuwa wakirudia kwamba mtoto aliyechaguliwa apokelewe hata kama sare haijakamilika. Ada na michango ya lazima kwenye shule za serikali vilifutwa kuanzia Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015. Sare, madaftari na kalamu vimebaki kwa mzazi, hapo hatuna pa kukimbilia. Lakini rimu ya karatasi si kitu cha kumfanya mtoto abaki nyumbani. Shule ikifungua ofisi, nenda mwenyewe kwa mkuu wa shule, umevaa vizuri, umwambie kwa heshima kwamba vitu vingine utavileta kidogo kidogo, uvitaje kwa majina na mwezi wake. Mzazi anayekwenda kabla hajaitwa husikilizwa tofauti na yule anayeitwa.

Kwa hiyo kata orodha mara mbili: cha siku ya kwanza, na cha baada ya likizo fupi ya mwezi wa tatu au wa nne. Traksuti na raba ni vya baadaye. Kipindi cha michezo atavaa fulana na suruali aliyo nayo, hatakuwa peke yake, nakuhakikishia. Rimu ni ya baadaye. Kaunta buku sita kati ya kumi ni za baadaye. Binti amesoma miaka saba kwa Kiswahili na anaingia kusoma kwa Kiingereza. Wiki za mwanzo shule nyingi huzitumia kumzoesha lugha kabla masomo yenyewe hayajashika kasi. Nne zinamtosha kuanzia, na mwalimu wa somo ndiye atakayemwambia anataka daftari gani. Nimeona watoto wamerudi nyumbani na kaunta buku tano nene ambazo mwalimu kazikataa.

Sketi moja, mashati mawili. Hapa wazazi wengi hukosea kinyume chake. Sketi ya rangi nzito inavumilia wiki nzima ukiifuta vumbi na kuitundika vizuri. Shati jeupe siku ya pili kola imeshapiga mstari. Na wewe unakaa Uyole, Januari ni mvua tupu. Shati lililofuliwa jioni asubuhi bado limelowa kwenye kola na makwapani, na ukilianika juu ya jiko la kuni mtoto anakwenda darasani ananuka moshi. Ndiyo maana shati la pili si anasa. Sketi ya pili itashonwa viazi vikitoka.

Hilo duka mlilopewa maelekezo, liache kidogo. Chukua fomu uone shule imeandika nini hasa: rangi, aina ya mshono, na beji. Mara nyingi ndivyo vinavyotakiwa, jina la duka ni ushauri tu. Kama wanasisitiza sweta ichukuliwe shuleni ili rangi zisitofautiane, hiyo ichukue huko, usigombane. Sketi na mashati unaweza kununua kitambaa na kumpelekea fundi. Omba kipande cha sampuli au nenda na mwanafunzi wa shule hiyo aliyevaa sare yake, umsimamishe mlangoni mwa duka la vitambaa kwenye mwanga wa nje. Bluu ya ndani ya duka na bluu ya juani ni ndugu wa baba mmoja na mama tofauti. Mwambie fundi aache pindo refu chini, la vidole vinne, na akiba ya kitambaa kwenye mshono wa kiuno. Msichana wa kidato cha kwanza anarefuka kwa kasi ya ajabu, na sketi isiyo na pindo mwezi wa tisa inakuwa kesi kwa mwalimu wa nidhamu.

Nikuulize: sare za la saba za huyo binti ziko wapi? Umeniorodheshea vitu vya watoto wawili wa shule ya msingi kama vile mkubwa hakuwahi kusoma hapo. Sweta yake ya la saba inamfaa mdogo wake wa la tano, sweta haina kike wala kiume. Sweta ya huyo wa la tano inashuka kwa wa la kwanza. Hizo ni sweta mbili umezifuta kwenye orodha, 27,000 hiyo. Viwiko kama vimetoboka, tafuta fundi wa kufuma, wako wengi mitaani kwetu huku kwenye baridi. Anaokota nyuzi na kufumia kiraka cha duara. Ukimpelekea uzi wa rangi inayokaribia, hakionekani kwa mbali. Fanya sasa ingawa baridi yenyewe ya mwezi wa sita bado. Ikifika Mei foleni kwa mafundi wa sweta ni ndefu.

Na sketi yake ya bluu ya marinda usiigawe. Sketi ya la saba ina kitambaa kingi kuliko unavyodhani kwa sababu nusu yake imelala ndani ya marinda. Fundi anaifumua, anaipiga pasi, anaikata upya: inatoa sketi ya mtoto wa la kwanza. Ukikifungua hicho kitambaa utaona mistari, sehemu zilizopigwa na jua zimepauka na zile zilizojificha kwenye rinda bado nzito. Mwambie fundi akigeuze, upande wa ndani uwe nje, rangi italingana. Kushona tu nakuwekea 4,000. Mpeleke mtoto mwenyewe apimwe. Fundi akikwambia lete nguo ya zamani nitapima hapo hapo, kataa, mtoto amekua tangu hiyo ya zamani.

Wa kati, kaptula yake moja ya sasa inarekebishwa makalio, ile ya pili unamnunulia mpya. Shati moja jipya, la pili arithi la dada yake, kama kola imegeuka njano inafumuliwa na kugeuzwa, kazi ya dakika chache kwa cherehani. Wa mwisho naye shati moja jipya, na la pili fundi analipunguza kutoka kwenye la kaka. Begi la dada la shule ya msingi linamtosha huyu mdogo.

Kuhusu viatu, mkubwa mnunulie vipya vya ngozi kwa hiyo 35,000. Anatembea kila siku, na mguu wake hauongezeki kwa kasi kama wa wadogo zake, vitakaa. Wa kati nitamtetea mtumba, na nitarudi kwa mzee wa bajaji hapo chini. Viatu vya mtumba unavikagua hivi: vikunje katikati, angalia kama mshono wa soli unafunguka mdomo. Bonyeza soli kwa kucha. Ile soli nyepesi ya sponji iliyokaa miaka bila kuvaliwa kwa nje inang'aa, lakini kucha ikizama au ikimeguka, viache, vitafia njiani wiki ya kwanza kwenye matope. Soli ya mpira mgumu iliyoshonwa ndiyo ya shule. Miguu ipime kwa kijiti jioni, mtoto akiwa ameshacheza siku nzima, kijiti kizidi kidole gumba kwa upana wa kidole chako kimoja, uende nacho sokoni. Ukienda bila mtoto unaepuka kelele zote za nataka hiki nataka kile.

Na kama mlikuwa mnapanga nguo za Krismasi, viatu vya sikukuu ndivyo hivyo vyeusi vya shule. Avivae kanisani, avitembeze kwa shangazi zake, tarehe 26 vinarudi kwenye boksi.

Vitabu vya jirani, kama ni vya mtaala wa zamani, hapana. Mtaala mpya ulianza kuingia madarasani Januari 2024, na vitabu vya zamani havifuati tena kile mwalimu anachofundisha. Vya kiada subiri shule iseme inagawaje. Pia Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambayo mtu anasoma vitabu vyake bila kulipa; simu ya baba watoto kama inafungua intaneti, binti ataangalia humo jioni. Kama jirani ana kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, hiyo inunue hata leo. Kamusi haina mtaala.

Madaftari usiyanunue moja moja dukani kwa mangi. Ungana na wenzako wawili watatu wa sokoni mchukue kwa jumla mjini, dazeni au katoni, mgawane. Fungua katikati uandike neno kwa kalamu ya wino: likitokea upande wa pili, karatasi ni nyepesi, mtoto ataandika upande mmoja na daftari la kurasa mia litakuwa la hamsini.

Haya, tuhesabu. Mkubwa: sketi 18,000, mashati 24,000, sweta 22,000, viatu 35,000, soksi 5,000, kaunta buku nne 14,000, mkebe 5,000. Begi la zamani la mtu mzima wa nyumba hiyo, au la binamu, zipu mpya na kamba zishonwe kwa fundi viatu, weka 3,000. Inakuja 126,000. Wa kati: kaptula 10,000, shati 10,000, viatu vya mtumba 12,000, madaftari na kalamu 10,000, jumla 42,000. Wa mwisho: kushona sketi 4,000, shati 8,000, viatu 15,000, madaftari 4,000, ni 31,000. Zote 199,000. Una 180,000. Umebakiwa na pengo la 19,000, na hilo linazibwa na meza ya viazi kabla shule hazijafunguliwa. Kiraka hapa na nyuzi pale vitakula vijisenti, najua, lakini hutahitaji mtu wa kupita mezani na daftari lake.

Sasa baba watoto. Mwanangu, mwanaume anayesema nguo za marehemu mara nyingi anasema jambo lingine. Anaogopa wenzake wa kijiweni wamwone ameshindwa. Ukimbishia mitumba mbele ya watoto, amepoteza mara mbili. Msubiri siku amerudi mapema, ameshakula, watoto wamelala. Usianze na Sido. Mpe kalamu na karatasi umwambie, baba fulani, tusaidiane hesabu hii. Muache ajumlishe mwenyewe afike 410,000. Halafu mwonyeshe ile fomu ya mkopo. Ndiyo, mwonyeshe. Atapandisha sauti kidogo, mvumilie. Akishamaliza, mwambie: nimekataa kusaini, lakini nimebaki na njia hii ya pili, na usome naye hesabu yangu. Mwanaume akiona mkewe alikuwa hatua moja na kausha damu, kiatu cha mtumba cha mtoto mmoja hakimshtui tena. Na mwachie kazi: viatu vya kijana akavichague yeye, anajua bei za Sido kuliko wewe maana abiria anaowashusha Mafiati na Mwanjelwa wanazitaja kutwa. Aende kama mnunuzi mwenye jicho. Nadhani atarudi anajisifu.

Wifi ni mtu wa familia, usimgeuze adui. Mwambie kaka yake ndiye aliyekataa. Huo ni uongo mdogo, lakini unalinda undugu, mimi nauruhusu.

Binti naye asidanganywe. Ana akili ya kuingia kidato cha kwanza, ana akili ya kuelewa 180,000. Mkae naye umwambie: kuna kitu kimoja kipya ambacho wewe utachagua, ni viatu. Mpe 35,000 mkononi Mwanjelwa, umwache apatane mwenyewe, wewe simama pembeni. Akipata pea nzuri kwa 30,000, hiyo 5,000 ni yake. Begi la 25,000 litafifia kichwani mwake haraka kuliko unavyodhani, hasa akigundua muuzaji alikuwa tayari kushusha.

Kuhusu mwakani nitakwambia moja tu, kwa sababu ndilo linalokuumiza kila mwaka na hukuliandika. Huku kwetu hela iko mwezi wa saba na wa nane, mahitaji ya shule yako Januari, katikati kuna kilimo, misiba na harusi. Ukivuna, mahindi yote msiyamalize kwa mnunuzi wa kwanza aliyekuja na gari shambani. Tengeni gunia moja kwa kila mtoto, mlihifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, ili dumuzi wasiyamalize. Muuze Desemba, ambapo kwa kawaida bei huwa imepanda kuliko ya mavuno. Vitambaa vya sare nunueni Agosti, fundi apewe Oktoba akiwa hana kazi. Januari fundi huyo huyo atakupa njoo kesho mpaka upandwe na presha. Viatu tu ndivyo msivyonunue mapema, mguu unakua.

Na kama uko kwenye mchezo wa kijumbe pale sokoni, ule wa kuchangiana hela na kupokea kwa zamu, mwombe kijumbe zamu yako iangukie mwanzoni mwa Desemba. Kila mtu hukimbilia zamu ya kwanza. Ukiomba ya mwishoni hakuna atakayegombana na wewe.

Sijamaliza. Kuna kitu hakipo kabisa kwenye orodha yako ya binti wa kidato cha kwanza: pedi. Mtoto anatembea mpaka shule ya kata na anakaa huko mpaka jioni. Akikosa, atakosa darasa siku kadhaa kila mwezi, au atakaa na sweta kiunoni kwa aibu. Nenda ukaulize bei za pakiti kwa jumla, au zile za kufua ambazo anazitumia muda mrefu, pea kadhaa na sabuni yake. Weka kwenye hesabu kabla ya mkebe. Na ikibidi kitu kingine kitoke ili hizi ziingie, toa soksi pea ya pili.

Msalimie baba watoto. Ndaga fijo, asante sana, kwa barua.

Shangazi